Taa iliyokataa kuzimika

Mjomba alinipigia simu akiwa na wasiwasi wa kweli. "Mpwa wangu, hii kompyuta nikiizima haizimiki yote. Na asubuhi haitaki kuwaka mpaka nichomoe waya zote."

Ndani ya kompyuta ile ya mezani zilikuwamo methali na visa alivyokuwa akivikusanya tangu alipostaafu ualimu, na fundi mmoja alikwisha mwambia anunue pawa saplai mpya, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Nilipofika, kabla sijashika hata bisibisi, nilinakili mafaili yake yote kwenye flashi. Kompyuta inayogoma kila asubuhi si ya kuachiwa kazi ya miaka ya mtu bila nakala.

Nikamwambia, "Mjomba, izime kama unavyoizima siku zote, mimi nitazame."

Akaizima. Skrini ikawa nyeusi, feni zikapunguza mwendo zikasimama. Lakini herufi za kibodi zilibaki zinawaka, na kwenye matundu ya ubavuni mwa kasha nikaona taa ndogo ya kijani juu ya mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha sehemu zote, imetulia kama hakuna kilichotokea.

Hilo peke yake si ugonjwa. Kompyuta za mezani za muundo uitwao ATX, ulioanza mwaka 1995, hazikatwi umeme na kitufe cha mbele. Kitufe kinaomba tu. Pawa saplai ndiyo inayofunga njia kubwa za umeme, na hata hivyo huacha njia moja nyembamba ya volti 5 ikifanya kazi, ili mazabodi iweze kusikia kitufe kikibonyezwa tena. Mashine nyingi hulisha kibodi kwa njia hiyohiyo. Umoja wa Ulaya ulipoanza mwaka 2010 kuweka kikomo cha umeme unaoliwa na vifaa vilivyozimwa, BIOS nyingi, yaani programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows, zikaja na kipengele kinachoitwa ErP cha kuubana umeme huo. Nikakiwasha kipengele hicho, nikazima. Taa ikabaki palepale.

Upande wa programu niliumaliza haraka. Ule uwashaji wa haraka uliokuja na Windows 8 mwaka 2012 huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski badala ya kuufunga wote, kwa hiyo nilizima huku nimeshikilia Shift ili niuruke. Halafu nikawasha mashine kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, iliyokuwa kwenye flashi na kuizima kutoka huko. Hali ileile. Hapo nikaachana na Windows kabisa.

Nikageukia nyuma ya kasha, nikabonyeza swichi ya pawa saplai upande wa O, yaani wa kuzima. Kwa kawaida taa ya mazabodi huchukua sekunde chache kufifia, kwa sababu kapasita, vijisehemu vinavyohifadhi umeme, bado zina umeme kidogo. Nilisubiri. Haikufifia. Nikachomoa waya wenyewe kwenye soketi ya ukutani na kumwonyesha mjomba plagi mkononi mwangu. Taa inawaka. Kibodi inawaka.

"Sasa inakula wapi?" akauliza.

Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, maana swali lake ndilo lililokuwa jibu. Pawa saplai aliyoambiwa abadilishe ilikuwa haina umeme hata chembe, basi isingeweza kulaumiwa. Umeme ulikuwa unaingilia mlango mwingine. Nikaanza kuchomoa kimoja kimoja: waya wa skrini, waya wa mtandao, spika. Nilipofika kwenye habu ya USB, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB, iliyobeba printa na diski ya nje, habu yenye adapta yake ya ukutani, taa na kibodi vilizimika kwa pamoja. Nikairudisha, vikawaka. Nikaichomoa, vikazimika.

USB imepangwa hivi: kompyuta ndiyo inayotoa volti 5 kwenda kwenye kifaa, na kifaa hakiruhusiwi kuzirudisha juu kwa njia hiyo, hata kama kina adapta yake. Nilichukua mita ya kupimia umeme, nikaacha adapta ya habu imechomekwa ukutani, nikagusa vibati viwili vya pembeni kabisa kwenye plagi inayoingia kompyutani, ambavyo ndivyo vya umeme. Pangepaswa kusomeka sifuri. Mita ilionyesha volti 5 hivi. Usiku kucha habu ilikuwa inaisukumia mazabodi umeme kwa nyuma, umeme wa kuiacha nusu macho, na asubuhi kitufe kilipobonyezwa mashine haikuwa na nafasi ya kuanza upya.

Mjomba alikaa kimya akiitazama ile mita, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa naichomoa hiyo habu kila asubuhi pamoja na zingine zote." Ndiyo maana kuchomoa waya zote kulikuwa kunasaidia.

Kesho yake tulienda kutafuta habu nyingine. Niliomba kuipima kwanza kwa namna ileile, ikasoma sifuri, mjomba akailipia. Pawa saplai yake ya zamani aliendelea nayo. ErP nilikirudisha kilivyokuwa, kwa sababu alikuwa amezoea kuiwasha kompyuta kwa kubonyeza kibodi, na kile kipengele kikiwashwa njia hiyo inafungwa.