Piano ya pwani: dhibiti unyevu kwanza, ndipo utuni

Piano iliyotuniwa vizuri, yaani nyuzi zake zikakazwa hadi sauti sahihi, mwezi wa pili, masika yakishakolea Dar es Salaam au Mombasa, husikika imepanda katikati, huku besi na noti za juu kabisa zikibaki karibu palepale. Usimlaumu fundi. Chanzo ni ubao wa sauti, ule mpana wa mti wa sprusi ulio nyuma ya nyuzi. Mbao ikinywa unyevu hutanuka kwa upana, na kwa kuwa kingo zake zimegundishwa, haina pa kwenda ila kufura tumbo kuelekea kwenye nyuzi. Tumbo husukuma daraja, ule mti ulio juu ya ubao unaobeba nyuzi, daraja hukaza nyuzi, sauti hupanda. Hewa ikikauka, kila kitu hushuka. Zinazohama zaidi ni nyuzi tupu, zisizozungushiwa shaba, zilizo jirani na besi. Noti moja hapo huwa na nyuzi 2 au 3. Zisipohama sawasawa, sauti yake inayumba kama wimbi.

Kwa hiyo kutuni kila inapochafuka ni kumwaga hela. Wengi hushauri unyevu wa asilimia 42 hivi, lakini kwa pwani naona ni afadhali chumba kitulie kwenye 60 mwaka mzima kuliko kiruke kati ya 45 na 80. Kiyoyozi kinachowashwa Jumapili tu kanisani hakisaidii: baridi hukaza nyuzi za chuma papo hapo, ibada ikiisha joto linazilegeza.

Nunua kipima unyevu, kiweke kando ya piano, andika namba asubuhi na jioni kwa wiki 2. Isogeze piano mbali na dirisha na mdomo wa kiyoyozi. Iache nafasi ya sentimita 10 ukutani. Kisha fundi afunge fimbo ya joto ya wati 25 au 50 ndani, chini ya vibonyezo, pamoja na swichi inayojizima unyevu ukipungua. Bila swichi hiyo ubao unaweza kupasuka na vigingi vinavyoshika nyuzi vikalegea. Subiri wiki 2 au 3, ndipo utuni, noti ya A iwe kwenye hezi 440. Kama imeachana sana na kipimo, ipitiwe mara mbili: nyuzi zaidi ya 200 zinavuta tani 18 hivi, ukikaza hizi zinalegea zile.

Kibonyezo kikinasa, kinyanyue mbele kwa kidole ukiachie. Kikishuka kwa uvivu, felti (kitambaa kizito cha sufu) iliyovimba imebana pini yake. Fundi huibana kidogo kwa koleo maalumu, basi. Kikishuka chenyewe kwa wepesi, tatizo liko kwenye bawaba ya nyundo inayogonga nyuzi. Usipulizie mafuta popote: felti huyanyonya, hushika vumbi, na mwisho itabidi ing'olewe yote.