Mpira wa kumwagilia huanza kufa kwenye ncha

Kagua mpira wa maji uliotupwa nyuma ya nyumba, hasa huku Dar es Salaam na pwani kwa jumla. Mara nyingi sehemu ya katikati bado ni nzima. Iliyoharibika ni ncha ya kwenye koki: ilipasuka, ikakatwa, ikafungwa kwa kamba ya tyubu ya baiskeli, ikapasuka tena mpaka mwenyewe akachoka. Ndiyo maana anayetaka vifaa vya kudumu aweke hela kwenye viungio kwanza, ndipo ahangaike na rangi na urefu wa mpira.

Kabla ya kwenda dukani, fahamu maji yako yana nguvu kiasi gani. Bustani inayopata maji kutoka kwenye tangi la juu ya mnara ina msukumo mdogo sana. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1 (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu linakupa baa 0.3 tu. Kwa msukumo huo, mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 30 hutoa kama lita 6 au 7 kwa dakika, na ndoo ya lita 20 itachukua kama dakika tatu kujaa. Mpira wa robo tatu ya inchi, kwa urefu uleule, hutoa karibu mara tatu ya hapo. Mwenye tangi achukue robo tatu bila kusita. Mwenye maji ya bomba yenye nguvu, nusu inchi inamtosha, tena ni mwepesi kuburuta: mita 30 za nusu inchi zikijaa hubeba chini ya lita 4 za maji, za robo tatu hubeba zaidi ya lita 8. Usinunue mita 50 wakati tuta la mwisho liko mita 20. Kila mita ya ziada inakula msukumo.

Sasa mpira wenyewe. Omba kuona ncha iliyokatwa, usitazame ubavu peke yake. Mpira mzuri una tabaka la ndani, wavu wa nyuzi, kisha tabaka la nje, na ukuta wake unakaribia milimita 2.5. Ukiubana kwa vidole urudi kuwa duara wenyewe. Ukunje uwe pete yenye upana wa mdomo wa ndoo. Ukivunjika kona hapo dukani, nyumbani utavunjika kila siku mahali palepale, na hapo ndipo utakapopasuka. Mipira ya tabaka moja, ile laini inayong'aa, haina nyuzi za kuzuia isivimbe. Ikipata joto la saa sita mchana na maji yamefungiwa ndani, inatutumka kama puto.

Mpira mweupe unaopitisha mwanga unavutia machoni, lakini jua likiingia ndani mwani wa kijani huota, kisha vipande vyake hubanduka na kuziba matundu ya shawa, yaani kichwa cha kunyunyizia. Chagua rangi isiyopitisha mwanga.

Turudi kwenye ncha, maana hapa ndipo kazi inapoharibikia. Kata ncha kwa kisu kikali, iwe mraba, isikae mshazari. Vika klipu, yaani mkanda wa chuma wa kukazia, kwenye mpira kabla ya kitu kingine chochote. Chovya ncha kwenye maji ya moto, kama dakika moja, kisha sukuma kiungio chenye meno mpaka kifike mwisho. Usitumie moto wa kiberiti kulainisha, kwani unaunguza tabaka la ndani na ufa huanzia hapo. Usipake mafuta pia, maana kitateleza kutoka vilevile kilivyoteleza kuingia. Klipu ikae juu ya meno, si ukingoni kabisa, nawe uikaze kwa bisibisi mpaka mpira ushike vizuri. Ukiona nyama ya mpira inachomoza kwenye matundu ya klipu, umepitiliza na unaukata.

Klipu nazo zinadanganya. Mkanda unaweza kuwa wa chuma cha pua lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Nenda na sumaku ndogo. Ikiing'ang'ania skrubu, klipu hiyo kwa hewa ya pwani itashika kutu, na siku ya kuifungua utalazimika kuikata.

Kuhusu kiungio, maji yako ndiyo yaamue. Kwa maji ya bomba, brasi nzito ndiyo bora: haipasuki ikiangukia sakafuni, na nyuzi zake za skrubu hazisagiki upesi. Kwa maji ya kisima cha karibu na bahari yenye chumvi, chumvi hung'oa zinki iliyomo ndani ya brasi taratibu. Kiungio hubaki na umbo lake lakini kinakuwa tete. Hapo plastiki nene ina nafuu, nayo haishiki kutu. Vile viungio vya kubonyeza na kuchomoa ni rahisi kutumia, ila ndani vina pete ndogo ya mpira inayochakaa. Nunua pete za akiba siku hiyohiyo. Kikianza kuvuja, mara nyingi ni pete tu, wala hakuna haja ya kukitupa. Kwenye nyuzi za skrubu za koki, zungusha thredi tepu (utepe mwembamba wa kuzuia uvujaji) mara tano au sita kwa kufuata upande kiungio kinakofungiwa, la sivyo itajikunja na kutoka.

Kwa bustani ya matuta mawili au matatu, keni ya kumwagilia inatosha. Wakati wa kiangazi mboga kama mchicha huhitaji karibu lita 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku. Tuta la mita 1 kwa 6, basi, ni keni tatu za lita 10. Angalia mahali mdomo unapoungana na tumbo, maana huko ndiko keni ya plastiki inakochanika. Iliyotengenezwa kipande kimoja inapita iliyogundishwa. Shawa lazima ifunguke ili uweze kuisafisha. Ikigeuzwa matundu yaangalie juu, maji hushuka laini na hayang'oi miche. Keni ya bati hudumu zaidi juani, lakini usiache mbolea ya chumvichumvi ilale ndani yake. Isuuze, kisha iinamishe ikauke.

Ukiamua kuweka mfumo wa matone, kaa mbali na mikanda myembamba ya shambani yenye ukuta wa milimita 0.2. Inatengenezwa kwa msimu mmoja au miwili. Bomba la milimita 16 lenye ukuta wa karibu milimita 1 ni ghali mwanzoni, lakini linastahimili jua na kuguswa na jembe kuliko mikanda hiyo. Chujio haliepukiki: weka la meshi 120 (wavu wenye matundu 120 kwa kila inchi) baada ya tangi, lifunguke kwa mkono. Mwisho wa kila mstari uwe na kizibo cha kufungua ili mchanga utoke.

Baada ya kumwagilia, funga maji kwenye koki, halafu bonyeza bastola ya kunyunyizia iliyo mwisho wa mpira mpaka mpira uwe mtupu. Kufunga bastola peke yake huacha mpira umebeba msukumo mchana kutwa. Kama ulikuwa juani, mwaga kwanza maji yaliyobaki ndani kabla ya kuelekeza kwenye mimea, kwani huwa ya moto. Usiutundike kwenye msumari, maana unajikunja pale pale. Rimu kuukuu ya gari iliyofungwa ukutani, upande wenye kivuli, inatosha kabisa.