Namba ya kwanza siyo jibu

Bibi yangu wa Muheza alitufundisha kutazama juu kabla ya kuinama kuokota embe. Kule pwani yupo nyoka wa kijani wa mitini, Dendroaspis angusticeps, ambaye Wazungu humwita mamba ingawa kwetu mamba ni wa mtoni. Sasa ninapanga chumba Ng'ong'ona, Dodoma, kwenye upepo na vumbi la mwezi wa saba. Kompyuta mpakato yangu ya ram ya gigabaiti 2 nimeifunika khanga, na wiki nzima nimekesha na sumu ya nyoka yule.

Protini ninayoichunguza ndani ya sumu hiyo ni fasikulini. Hukaba mlango wa asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachosafisha ujumbe wa neva kwenye misuli, na misuli huanza kutetemeka. Mlango huo umejaa chaji hasi, fasikulini ni chanya, kwa hiyo umeme huvuta viwili hivyo vikutane. Nilitaka kuuona umeme huo kwa macho yangu.

Nilipakua 1FAS, faili la muundo wa fasikulini, nikaliendesha kwenye programu ya pdb2pqr:

pdb2pqr --ff=PARSE --with-ph=7 --titration-state-method=propka 1FAS.pdb fas.pqr

Amri hii huongeza haidrojeni zilizokosekana na kuipa kila atomu chaji na nusu kipenyo. Ukimaliza usikimbilie mbele. Fungua fas.pqr, tazama jumla ya chaji pale juu. Mimi nilihesabu kwa kalamu: arginini 5 na laisini 4 ni chanya 9, aspatiki 3 na glutamiki 2 ni hasi 5. Inabaki 4, na faili likasema 4.0000. Ukikuta 3.62, kuna atomu zimepotea, rudi nyuma.

Kisha APBS, programu inayokokotoa umeme wa molekuli kwenye gridi ya pointi. Hapa niliteseka. Kwa tamaa ya picha safi niliweka dime, yaani idadi ya pointi za gridi, 193 kila upande. Hizo ni pointi milioni 7.2, na kila pointi hula takriban baiti 200, yaani gigabaiti 1.4, huku kivinjari kiko wazi. Skrini ikaandika Killed: kumbukumbu imekwisha, programu imeuawa. Niliposhuka hadi 129, kwa boksi la angstromu 60 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), ilitosha: megabaiti kama 430, na umbali wa angstromu 0.47 kati ya pointi na pointi. Si kila namba inafaa kwenye dime. Mimi huchagua 65, 97, 129 au 161.

Ikatoka nishati, namba kubwa kupindukia. Mdogo wangu aliyekuja likizo akachungulia: "Dada, hiyo ndiyo nguvu ya sumu?" Nikamwambia ndiyo. Nilikosea, na usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilijaribu kitu kidogo kabisa: ayoni moja, chaji +1, nusu kipenyo angstromu 3. Kanuni ya Born, ya kukokotoa nishati ya ayoni kwa kalamu, inampa takriban -228.6 kilojuli kwa moli anapotoka kwenye ombwe kuingia majini. APBS ikanipa namba isiyofanana nayo hata chembe, kwa sababu ndani yake mna nishati ya chaji kujisukuma yenyewe kwenye gridi. Dawa ni kukokotoa mara mbili: sehemu ya kwanza ya hesabu (elec) na sdie, yaani uwezo wa kilicho nje ya molekuli kupunguza nguvu ya umeme, 78.54 ya maji, ya pili na sdie sawa na pdie, uwezo wa ndani ya molekuli, gridi ileile bila kubadili hata nukta, kisha:

print elecEnergy 1 - 2 end

Namba ikaja jirani kabisa na ya kalamu. Nikamwita mdogo wangu, nikamwonyesha zote mbili, nikafuta nilichomwambia jana.

Kwenye fasikulini nilifanya vilevile, nikapaka uso wake rangi kwa ramani ya umeme wake, faili pot.dx, nyekundu kwa hasi, bluu kwa chanya. Bluu imekusanyika upande mmoja. Alitazama muda mrefu, akauliza kama huo ndio upande unaoingia mlangoni. Kwa hilo inabidi nipakie fasikulini ikiwa imeshikana na kimeng'enya, muundo wa 1MAH, na kompyuta hii haitauweza kwa gridi nzuri. Jumatatu nitapanda mlimani, chuoni, kuomba mashine ya maabara.