Leso Kwenye Ukuta wa Kioo

Mchana ule Mama aliniita kutoka sebuleni kwa sauti ya ukali nisiyoizoea. Nje, juu ya ua wa jirani, mafundi walikuwa wamesimamisha mbao za ghorofa, na mmoja wao alikuwa akituona mpaka jikoni.

Nilikuwa namtunza mjane huyu niliyemwita Mama, Mmarekani mweusi, huko Palo Alto, California, katika nyumba iliyojengwa na Joseph Eichler. Eichler hakuwa msanifu. Alitoka kwenye biashara ya siagi na mayai, akapanga nyumba iliyochorwa na msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright, ikamkaa moyoni, akataka familia za kawaida nazo zipate za namna hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alijenga nyumba zipatazo 11,000.

Upande wa barabarani ni ukuta mtupu wa mbao. Ukiingia, unakutana na uwazi usio na paa katikati ya nyumba. Mimi, mtu wa Lamu, nilijiona nimefika kwenye kiwanda cha kwetu, ule ua wa ndani wa nyumba za Lamu. Mabomba ya maji moto yamelazwa ndani ya zege la sakafu, na kusali pale alfajiri za Januari kulikuwa raha tupu. Nyuma kote ni kioo, kutoka sakafuni hadi darini. Kwa kuwa nyumba za mtaa zilikuwa za chini zote, ua ulitosha kumsitiri kila mtu. Ghorofa moja tu, na stara ya majirani wote imekwisha.

Mama hakuwa na hata pazia moja. Nilitoa leso zangu, kanga zangu za kujifunga, sandukuni, nikafunga kamba kutoka nguzo moja hadi nyingine, zile zinazobeba paa lote, nikazitundika.

Alizitazama, kisha akaanza kusimulia. Yeye na mumewe walipokuwa wakitafuta nyumba, kila walikopenda waliambiwa imeshauzwa. Eichler aliwauzia weusi kama wengine, na mwaka 1958 alijitoa katika chama cha kitaifa cha wajenzi kwa ajili ya suala hilo hilo.

"Tuliinunua kwa sababu walikubali kutuuzia," alisema. "Kuipenda kulikuja asubuhi ya kwanza, jua lilipoingia. Sasa nijifungie gizani?"

Majirani walikuwa wanakusanya saini kuiomba manispaa ipige marufuku ghorofa nyingine mtaani. Mama alitia yake jioni ile, kisha akaniambia nimletee mkongojo, twende nyumba ya pili.