Diwani wa Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini

Nilichaguliwa kuwa diwani kwa tiketi ya CUF, chama cha upinzani, katika uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010, katika wadi moja ya Wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Msomaji aliyekuwepo wakati ule ataikumbuka hali ilivyokuwa. Miezi mitatu kabla, Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali kuwepo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, kisha Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akatangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.1 dhidi ya asilimia 49.1 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, na Maalim akayakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hiyo ilikuwa kazi ya wakubwa na waliifanya. Ile iliyotuhusu sisi, watu wa barza moja na msikiti mmoja ambao tulikuwa hatuamkiani, ilikuwa haijaanza.

Wadi yangu ina mitaa miwili mikubwa, ambayo hapa nitaiita wa juu na wa chini. Mtaa wa juu ulikuwa na CCM wengi na mtaa wa chini ulikuwa wetu. Kwa kuwa majimbo yote 18 ya Pemba yalichukuliwa na CUF mwaka huo, CCM walikuwa wachache kijijini lakini wana Serikali nyuma yao, na sisi tulikuwa wengi kijijini lakini kila tukiingia ofisini tunajihisi wageni, na hivyo kila upande uliamini kwa dhati kwamba ndio unaoonewa. Tangu uchaguzi wa 1995 watu walikuwa wakisusiana. Kulikuwa na duka la CCM na duka la CUF, na gari ya abiria ya shamba ambayo mtu huiacha ipite ilhali ana haraka, kwa sababu tu anamjua mwenye gari. Kubwa kuliko yote, watu walikuwa hawazikani.

Niliamua kuanza na waliokuwa hawakunipa kura. Sikwenda na viongozi wa tawi wala sikuvaa nguo yenye rangi ya chama; nilikwenda baada ya sala ya alasiri, kwa miguu, na kabla ya hapo nilimtuma mtu wa makamo anayeheshimika pande zote mbili akaniombee nafasi kwenye barza ya mtaa wa juu, kwa sababu kumtokea mtu kwenye barza yake bila ya taarifa, ukiwa na cheo, ni kumlazimisha akukaribishe. Siku za mwanzo walinipa kahawa na habari za mvua tu. Mimi nikanywa kahawa na kuzungumza mvua. Halafu siku moja mzee mmoja akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "mama yangu alipofariki, mwaka 1996, tulikuwa wanaume saba kwenye jeneza, tunapokezana mpaka mabega yanachubuka. Tulipita mbele ya duka. Baba yako alikuwa amekaa pale, akatutazama tukapita."

Nilimuuliza kama ataridhia niyaandike. Akasema, "Andika, na jina la baba yako uliandike." Nikaliandika mbele yake, nikamsomea maneno yote kama alivyoyatamka, akasahihisha pahala pamoja, kwamba walikuwa wamepumzika mara mbili njiani, si mara moja. Sikumjibu kwa niaba ya baba yangu, ambaye Mwenyezi Mungu alikuwa ameshamchukua, na wala sikumkumbusha yaliyotufika sisi.

Yaliyotufika sisi niliyaandika katika daftari lile lile, kwenye mtaa wa chini, kutoka kwa mama mmoja ambaye mumewe alikimbilia Shimoni, Kenya, pamoja na watu wengi waliokimbia baada ya maandamano ya tarehe 27 Januari 2001 kuzimwa kwa risasi. Yeye naye nilimsomea aliyoyasema, akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani mwengine ameandikwa humo. Nilipomwambia, hakupenda, lakini hakuniambia nimfute.

Wapo wanasiasa, hata wa chama changu, wanaoshauri kwamba diwani aache ya kale azungumzie maendeleo peke yake. Kwa Pemba sikubaliani nao. Mtu ambaye hujamsikiliza habari za jeneza hatakwambia kweli juu ya bomba. Atakwambia "maji hakuna", nawe utakwenda kuandika "maji hakuna", na hapo hakuna ulilolijua. Baada ya jeneza kuandikwa ndipo mtaa wa juu waliponieleza kwamba mifereji yao ya kuchotea maji inakauka kila asubuhi na jioni, na kwamba wanajua sababu yake: watu wa mtaa wa chini wanaifunga makusudi, na diwani mwenyewe ni wa kwao. Mtaa wa chini nao walikuwa na lao. Kisima chetu cha pampu kilikuwa kikiendeshwa kwa umeme tunaoununua wenyewe, wa tukuza, yaani wa kulipia kabla ya kutumia, na wao waligoma kuchangia kwa vile mshika fedha wa kamati alikuwa wa mtaa wa juu na hajawahi kuwasomea hesabu. Kwa hiyo umeme ulikuwa ukikatika kwa kukosa fedha, na kila ukikatika kila upande unapata ushahidi mpya dhidi ya mwenzake.

Nilimtafuta fundi wa maji asiyekuwa wa kijiji chetu, nikawaomba wa mtaa wa juu watoe watu wawili na wa mtaa wa chini wawili, wawachague wenyewe, na baada ya sala ya alfajiri tukalifuata bomba kutoka kwenye tangi hadi mfereji wa mwisho. Tangi lile lilijengwa kwenye mnara mfupi, na kimo chake kinaupita mtaa wa juu kwa kidogo mno, ilhali mtaa wa chini umekaa bondeni kabisa. Tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya mfereji wa mtaa wa juu, ikawa inaingia tone baada ya tone. Fundi akamtuma kijana akafunge koki inayopeleka maji bondeni, akatwambia tungoje. Mfereji ulikohoa hewa, ukatoa maji ya kutu, kisha yakaja meupe na ndoo ikajaa tukiwa bado tumesimama kuizunguka. Koki ile ikiwa wazi na watu wa chini wakichota, maji yote huteremka kwao, na hapakuwa na mkono wa mtu katika jambo hilo.

Asiwaze msomaji kwamba hapo watu walikumbatiana. Mama mmoja wa mtaa wa juu alisema, "Na kwa nini wasiifunge wao, siku zote hizi?" Mzee wa mtaa wa chini akamjibu, "Tungejuaje bibi, nanyi hamji kwetu?" Wakabishana pale pale, na mimi nikawaachia, kwa kuwa ulikuwa ubishi wa maji, na kwa muda mrefu hatukuwa na ubishi wa maji kijijini petu, tulikuwa na wa vyama tu.

Lililofuata lilikuwa kupanga zamu. Tulikubaliana koki ifungwe kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, mtaa wa juu wachote, kisha ifunguliwe kwa mtaa wa chini hadi magharibi. Koki iko mtaa wa chini, lakini ufunguo wa kisanduku chake ulikabidhiwa mama wa mtaa wa juu, kwa sababu wao ndio waliokuwa hawaamini. Matokeo yake ni kwamba kila siku alfajiri yule mama ilimbidi ateremke bondeni, na haiwezekani mtu apite mbele ya ua wa watu kila siku bila ya kuulizwa habari za wagonjwa wake.

Fedha za tukuza ziliwekwa kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kila mtaa, na wenye funguo wote wawili walikuwa wanawake, kwani wao ndio wanaobeba ndoo. Kila umeme uliponunuliwa, kile kikaratasi chenye tarakimu 20 kilibandikwa kwenye mlango wa banda la pampu, na chini yake karatasi ya majina ya waliotoa. Jambo hili la kubandika ndilo lililowarudisha wengi kwenye kuchangia, kupita hotuba zangu zote. Mpemba hapendi jina lake likosekane pahala ambapo la jirani yake lipo.

Kwa sheha nilikwenda peke yangu. Sheha, kiongozi wa Serikali mwenye kusimamia eneo letu, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hapigiwi kura, na kwa watu wetu yeye ndiye aliyekuwa mlango wa kila walichokosa, hasa kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho bila yake mtu haandikishwi kupiga kura. Sikumpelekea malalamiko; nilimpelekea orodha ya majina, kila jina na wazee wake na mahali alipozaliwa, nikamuomba tuipitie moja moja. Alikuwa mkali mwanzoni, lakini mtu akisomewa jina la kijana ambaye alimuona akizaliwa huona tabu kusema hamjui. Baadhi ya majina yalipita na mengine yalikwama mbele, katika ofisi ambayo si yake wala yangu. Waliokwama niliwarudia mmoja mmoja kuwaeleza.

Tawi langu liliniita. Wakereketwa walisema nimenunuliwa, na mmoja aliuliza ni birika ngapi za kahawa zilizotosha. Nikafungua daftari nikawasomea, la yule mama wa Shimoni na la yule mzee wa jeneza, pamoja na jina la baba yangu. Waliokuwepo siku ile ya maziko walikuwa humo ukumbini, na hakuna aliyesema halikuwa.

Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi, chama changu kikaususia ule wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016, na udiwani wangu ukaishia hapo. Kususiana kukarudi Pemba, na kijijini kwetu kulirudi. Maduka yakagawana wateja upya, na kuna maziko ya mwaka ule ambayo mtaa mzima haukuonekana. Hapo ndipo nilipopima kazi yangu kwa macho yangu mwenyewe, na sikupata yote niliyoyataka. Wale wanawake wawili wa sanduku waliacha kuamkiana. Lakini kila fedha za umeme zilipokwisha, huyu alikuja na ufunguo wake na yule na wake, wakafungua, wakahesabu kwa sauti, wakafunga, kila mmoja akashika njia yake, na kikaratasi kikabandikwa mlangoni. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, hadi binti wa mmoja wao alipojifungua na mwenziwe akapeleka uji.

Diwani wa sasa si wa chama changu. Alinipigia simu si zamani, kwa sababu mwenye ufunguo wa mtaa wa chini amehamia Wete kwa watoto wake, akitaka nimtajie jina la mtu wa kuaminika wa kuushika. Nilimwambia asiniulize mimi, nami ni wa huko huko chini. Awaulize watu wa mtaa wa juu, wamchague wao wanayemuamini kutoka kwetu. Akasema watachukua muda. Nikamwambia awape, na fedha za umeme wa mwezi huo azitangulize yeye.