Mraba juu ya mraba

Nyota ya Herrnhut, taa ya karatasi ambayo Wamoravian huitundika kabla ya Krismasi, ina ncha 25: 17 zenye kitako cha mraba na 8 zenye kitako cha pembetatu. Tulizihesabu mara tatu Jumamosi ile, tarehe 26 Novemba 2016, juu ya meza mbili zilizosogezwa pamoja katika ukumbi wa ushirika mmoja wa Moravian, kanisa la Kiprotestanti, huko Oberlausitz, pembe ya mashariki ya Ujerumani inayopakana na Poland na Ucheki. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, na nyota ilitakiwa iwe juu, inawaka, kabla ya ibada ya saa tatu na nusu.

Nilikuwa mmisionari pale. Mwaka 1891 Wamoravian wa Ujerumani walifika Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo. Miaka 125 baadaye mtu wa Tukuyu, mji wa hukohuko Rungwe, alikuwa amesimama kwao, mkononi ana mkebe wa pini. Nyumbani walidhani mmisionari wakati wa Krismasi huhubiri asubuhi, mchana na jioni. Majilio yote yale nilihubiri mara nne. Muda uliobaki ulimezwa na karatasi, nta, ngazi na vikombe vya kuosha.

Msimamizi wa kazi alikuwa mama mmoja mstaafu, muuguzi aliyewahi kufanya kazi miaka mingi kusini mwa Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Mbeya kuliko changu. Aliniita mwanangu, nami nilimwita Mama.

Alianza na matengenezo, maana nyota ya mwaka jana haitoki kwenye boksi ikiwa nzima. Ncha iliyobonyea husukumwa kutoka ndani kwa mpini wa mwiko, taratibu, ukizungusha, si kwa kuchoma. Iliyochanika huzibwa kwa kipande cha karatasi ileile. Hapa ndipo wengi hukosea: kiraka kinene hakionekani mchana, ila taa ikiwashwa kinakuwa doa jeusi ambalo ukumbi mzima utalitazama hadi Epifania, tarehe 6 Januari. Kwa hiyo kiraka kiwe kidogo, gundi iwe nyembamba, na kibandikwe kwa ndani. Tundu la pini likitanuka, unabandika nyuma yake kipande cha kadibodi na kulitoboa upya.

Nyota hii ya karatasi haina fremu. Kila ncha ni kama kofia ndefu iliyo tupu ndani, na kitakoni ina ukingo uliokunjwa wenye matundu. Ukingo wa ncha moja unalazwa kwenye ukingo wa jirani, tundu kwa tundu, kisha inapitishwa pini ya shaba yenye miguu miwili na miguu inapanuliwa ili ishike. Zikiungana zote zinafanya tumbo lenye nyuso 26. Uso wa 26, ulio juu kabisa, hauna ncha. Ndipo zinapopita waya na balbu. Kwa kuwa pini hufungwa kwa ndani, unaanza chini na kupanda, ukiubakiza uwazi ule kama mlango wa mkono. Anayeanzia juu atajikuta ameshika ncha ya mwisho na hana pa kupitishia vidole.

Mraba mmoja unakaa chini. Kwenye kingo zake nne zinafungwa ncha 4 za mraba, na katika mapengo yaliyobaki zinaingia pembetatu 4. Hilo ni bakuli. Juu ya bakuli unapanda mkanda wa miraba 8, kisha juu ya mkanda tena miraba 4 na pembetatu 4 zinazopokezana, kuuzunguka mlango.

Tulikosea kwenye safu hiyo ya mwisho, na ni kosa lisilopiga kelele. Kingo zote zina urefu mmoja, za mraba na za pembetatu. Ukiizungusha safu ya juu hatua moja tu, kila kitu bado kinafunga vizuri: matundu yanakutana, hakuna ncha inayobaki, hakuna pengo. Tulifunga mishono yote 44 na kufurahi. Mama akarudi nyuma hatua nne, akainamisha kichwa.

“Mwanangu, hii imepinda shingo.”

Sikuona kitu. Akanionyesha. Chagua ncha yoyote ya mkanda: ikiwa juu yake kuna mraba, chini yake lazima kuwe na mraba, ikiwa juu kuna pembetatu, chini kuwe na pembetatu. Yetu, palipo na pembetatu juu palikuwa na mraba chini, na palipo na mraba juu palikuwa na pembetatu chini, mzunguko mzima. Nyota iliyo sawa, ukiitazama kwa ubavu, ina njia ya miraba inayotoka chini, inapanda moja kwa moja hadi kwenye mlango na kushuka upande wa pili. Yetu njia ilikatika katikati.

Dawa yake ni ndogo kuliko hofu yake. Hufumui nyota nzima, unafumua mishono 8 inayoshikanisha mkanda na safu ya juu, unaizungusha safu hatua moja, unafunga upya. Hasara ni pini, kwa sababu mguu wa shaba ukikunjwa na kunyooshwa mara mbili tatu hukatika. Tulivunja tisa, na mkebe ulikuwa na akiba ya saba. Sehemu mbili zikafungwa kwa uzi na sindano, na kusema kweli uzi ulishika vizuri zaidi.

Tukifumua, Mama alinieleza kwa nini umbo hili linamkamata mtu hivi. Lilizaliwa kama somo la hesabu. Mapema karne ya 19, katika shule ya bweni ya Wamoravian huko Niesky, kaskazini mwa Herrnhut, mji ulioipa nyota jina, nyota za namna hii zilitumika kufundishia maumbo. Wengi wa watoto wa shule hizo wazazi wao walikuwa wamisionari ng'ambo, Greenland, Labrador, Suriname, na barua moja ilichukua miezi. Jumapili ya kwanza ya Majilio watoto walijitengenezea nyota na kuitundika. Mimi nililiona umbo hilo utotoni Rungwe nikadhani ni pambo tu la Wazungu.

Kuitundika kulihitaji watu watatu: mmoja kwenye kamba, mmoja kwenye ngazi, mmoja wa kushika mlango usifunguliwe. Upepo wa mlangoni huzungusha nyota, nyota husokota waya, waya hulegea kwenye balbu. Tuliifunga pande mbili kwa mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, ambao kutoka chini hauonekani. Balbu ilikaa katikati ya tumbo bila kugusa karatasi. Zile za zamani za uzi wa moto zilikuwa zinaunguza na kuacha doa la kahawia. Asubuhi kundi mbili zikaimba Hosiana ya Christian Gregor, upande mmoja ukiita na mwingine ukijibu, na hakuna aliyetazama mshipi.

Mishumaa ya tarehe 24 Desemba ilituchukua siku mbili. Desturi hii ni ya tangu 1747, huko Marienborn, Ujerumani, kila mtoto alipopewa mshumaa uliowaka, umefungwa utepe mwekundu. Sisi tulitumia karatasi nyekundu laini: kipande unakikata manyoya kwa mkasi hadi nusu, unakizungusha theluthi ya chini ya mshumaa, unakifunga kwa uzi. Ukikipandisha sana, karatasi inashika moto kabla wimbo haujaisha. Ukikishusha sana, nta inamfika mtoto kidoleni. Nta iwe ya nyuki, maana hudondoka kidogo. Na watoto wafundishwe jambo moja tu, mara nyingi, wakiwa na mishumaa isiyowaka: usiokuwa na moto ndio unaoinama kwenda kwenye moto. Ukiuinamisha ule unaowaka, nta yote inamwagikia jirani. Ndoo mbili za maji zilikaa nyuma ya kiti cha mwisho. Hazikutumika. Nywele ndefu zilibanwa mlangoni, na hapo Mama hakuwa na mjadala na mzazi yeyote.

Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, nilimwambia ibada ilipokwisha, naye akacheka akanipa taulo la kukaushia vikombe.

Tarehe 7 Januari tuliishusha nyota. Ncha za mraba huingizwa moja ndani ya nyingine, za pembetatu vilevile, bila kukandamiza, maana zikikazwa zitatoka mwakani zikiwa zimekunjamana. Pini zikarudi mkebeni pamoja na pakiti mpya ya 50. Kwenye kifuniko cha boksi Mama aliandika kwa Kijerumani, nami chini yake kwa Kiswahili: mraba juu ya mraba.