Siku moja maishani mwangu: mimi na boksi namba 4

Saa 11 alfajiri niko macho, nahesabu sindano, vichupa, vizibo, nahesabu tena maana ukisahau kitu huko kinamasini hakuna wa kukuazima. Kazi yangu kupima methani, gesi inayoshika moto na kuongeza joto la dunia. Watu wanacheka eti napima ushuzi wa ng'ombe. Jamani, ya ng'ombe karibu yote inatoka mdomoni, akibeua!

Saa 1 tushafika. Kwa vyanzo vya asili ardhioevu ndo inaongoza, tope halina oksijeni, vijidudu vinaozesha majani humo ndani na gesi inatoka. Fremu tulishazichimbia mapema, leo naweka boksi la kunasa gesi juu yake, najaza maji kwenye mfereji wa fremu hewa isipenye, navuta sampuli kwa sindano dakika ya 0, 10, 20 na 30. Boksi 1, 2, 3 freshi kabisa.

Namba 4 sasa. Dakika ya 20 kijana mpya kateleza kwenye ubao, mguu mmoja ndani ya tope, mapovu hayoo. Ukikanyaga tope gesi iliyotulia chini inapanda yote kwa mkupuo, na sindano haijui kama hii ni asili au ni buti la mtu. Sampuli natupa, nafungua boksi lipunge hewa, naanza upya. Mbu, jua, mgongo. Nafika dakika ya 30 naona mfereji umekauka upande mmoja, kumbe ilikuwa inavuja muda wote. Naanza tena, safari hii sisemi na mtu. "Samahani bosi." Mdogo wangu, we kaa hapohapo, usihame hata unyayo.

Mchana dampo, na kifaa cha leza. Mlinzi ananiambia leo hapanuki, si nafuu? Methani haina harufu, kinachonuka ni gesi zingine. Hewa ya kawaida ina methani kama sehemu 1.9 kwa milioni (kabla ya viwanda ilikuwa kama 0.7), pale penye uvundo kifaa kilisoma 6, halafu kwenye kaufa kakavu kasikonuka chochote kikaruka mpaka 300 na ushee. Mlinzi akazima sigara mwenyewe.

Jioni sijui saa ngapi, sampuli zimepita kwenye mashine, nachora grafu. Satelaiti zinaona mengi ila lazima kuwe na mtu wa kuingia topeni kuhakikisha. Namba 4, jaribio la tatu: nukta nne, gesi inapanda sawasawa, mstari umenyooka kama rula. Nimeupiga picha nikamtumia yule kijana, akanijibu na picha ya buti lake, bado linachuruzika.